Mbingu Yenye Ncha

Mpumbavu wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mwenyewe mapema kwa sababu nyumbani kwangu wapo wawili wanaolisema kwa zamu, mama yangu na binti yangu, na nimechoka kulisikia kwa sauti za wengine.

Mimi ni fundi wa maturubai. Nashona mahema, vifuniko vya malori, vivuli vya mbele ya maduka, viti vya pikipiki vilivyochanika, na siku moja nilishona koti la jenereta ambalo mwenye nalo aliapa limelikaa jenereta vizuri kuliko suti ya harusi ilivyomkaa yeye. Shule niliiachia darasa la sita. Baada ya hapo nimefundishwa na cherehani nzito iliyonipitishia sindano kwenye ukucha mara mbili, na wateja, ambao sindano zao hazionekani mpaka zimeshaingia. Mtu aliyesoma kwa namna hiyo huwa na kiburi kibaya kuliko cha mwenye vyeti, maana mwenye vyeti angalau anajua mtihani wake uliishia wapi.

Basi binti yangu akaja karakana na karatasi.

Yeye anafundisha fizikia katika sekondari iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Kila Ijumaa saa nne ana kipindi ambacho hakimo kwenye mtihani: anawakusanya wanafunzi ndani ya stoo ya viti vibovu na kuwafundisha habari za anga. Mkuu wa shule, mtu mpole mwenye tai ile ile kila siku, alitaka kipindi hicho kirudi kwenye mazoezi ya mtihani. Hakumfokea. Alimwambia tu, "Mwalimu, nionyeshe kitu ambacho mwanafunzi hawezi kukipata kitabuni. Nakupa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ukishindwa, stoo irudi kuwa stoo."

Binti yangu akaamua kujenga mbingu. Kuba la kitambaa, kubwa kiasi cha kuingiza darasa zima wakiwa wameketi chini. Feni inapuliza, kuba linasimama, projekta ndogo inatupa nyota juu ya kitambaa, na watoto wanatazama. Kitambaa alikipata kwa kuandika barua za maombi mpaka mkono ukalegea: kile kizito cha kuzuia mwanga, upande mmoja cheupe, upande wa pili cheusi. Kilichopatikana kilikuwa hicho hicho, kingine hakuna.

"Baba," akasema, akikunjua karatasi ya kaki sakafuni, "nataka vipande kumi na viwili kama hiki. Hiki hiki. Usiongeze wala usipunguze."

Nikakitazama. Chini kipana, juu kina ncha, na mistari yake miwili ya pembeni imetuna, kama ulimi wa ng'ombe.

"Mwalimu," nikamwambia, maana tangu apate kazi namwita hivyo nikitaka kumchokoza, "siku ulipochora hii ulikuwa umekula?"

"Kwa nini?"

"Mkono umetetemeka. Tazama mistari ilivyovimba."

"Haikuvimba kwa bahati mbaya. Nimeikokotoa. Kuba lina mpindiko, baba. Kitambaa bapa hakiwezi kulala juu ya kitu kilichopinda bila kuongezewa mahali."

"Kuba litapinda likishajaa upepo. Ndiyo kazi ya upepo."

Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti chake cha plastiki, anafuma kitambaa cha meza kwa sindano yake ya kulabu. Hakuinua macho. "Fuata karatasi," akasema.

"Mama, mimi nakata turubai tangu huyu hajaota meno."

"Na mimi nakusikia ukibisha tangu wewe hujaota."

Nikaona nihamishe mazungumzo kabla sijazidiwa. Nikamuuliza binti yangu hiyo Ijumaa atawafundisha nini ndani ya hilo kuba.

"Umbo la ulimwengu."

Nikaweka mkasi chini. "Ulimwengu una umbo?"

"Ndilo swali lenyewe. Unaweza kuwa umepinda kama mpira, kwa namna kwamba ukienda mbele bila kugeuka, mwishowe unarudi ulipotoka. Unaweza kuwa umepinda kama kiti cha pikipiki, kinachoshuka kushoto na kulia huku kinapanda mbele na nyuma. Au hauna mpindiko wowote, bapa kama meza, ila meza isiyo na kingo."

"Nani aliyeuona?"

"Hakuna. Unapimwa kutoka ndani."

Nilicheka mpaka nikajifuta macho kwa kipande cha turubai, jambo ambalo simshauri mtu. "Sikiliza, mwanangu. Mtu ananiletea lori. Nalizunguka, nalitazama mbele, nyuma, ubavuni, ndipo naandika vipimo. Sijawahi kupima lori nikiwa nimejifungia ndani ya tangi la mafuta. Ukitaka kujua umbo la kitu, toka nje ukitazame. Sasa wewe huu ulimwengu utautokea mlango gani?"

"Si lazima kutoka. Unachora pembetatu, unapima pembe zake tatu, unazijumlisha. Mahali bapa zinafika digrii mia na themanini kamili. Mahali palipotuna kama mpira zinazidi. Kwenye kiti cha pikipiki zinapungua. Aliye ndani anapima na kujua, bila kwenda popote."

"Haya, wewe kapime ukiwa ndani. Mimi nitabaki nje na mkasi wangu."

Akacheka, akaiweka karatasi juu ya meza yangu na kuikandamiza kwa pasi mbovu isije ikapeperuka. "Kama hiki, baba," akarudia, akaondoka.

Jumamosi nikafunga mlango nikakata. Nilichukua rula yangu ndefu ya bati, nikailaza kutoka kona ya chini ya ile karatasi hadi kwenye ncha yake, nikapiga chaki. Mstari ukatoka umenyooka hadi ukapendeza. Upande wa pili vilevile. Ule uvimbe wa pembeni nikauacha nje ya chaki, nikasema moyoni: mwanangu, baba yako amekusahihishia, na wala hatakudai shukrani.

Vipande vilivyonyooka vina raha yake. Nilivipanga kwenye jora, kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini, vikabanana bila pengo, na mwisho wa yote kikabaki kitambaa cha kutosha. Fundi mwenzangu atanielewa: kitambaa kinachobaki kina utamu ambao kilichotumika hakina. Nikakishona mapazia ya madirisha mawili ya chumba cha mama, ambaye jua la saa nane humchapa usoni kila anapojinyoosha mchana. Alifurahi. Siku hiyo hiyo akaanza kutarizi maua madogo ya bluu upande mweupe wa pazia moja.

"Kitambaa hiki kimetoka wapi?" akaniuliza, sindano ikiwa mdomoni.

"Kimebaki."

"Kimebakije, na mtoto alisema kinatosha kwa tabu?"

"Ni ufundi, mama."

Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni, akingoja yapande.

Jumatano mchana tukalipeleka kuba kwenye bwalo la shule, mimi na binti yangu tukiwa tumelibeba, na mama nyuma yetu. Hakualikwa, lakini huyo hajawahi kuwa mtu wa kungoja mwaliko. Tukafunga feni kwenye mdomo wa kitambaa. Binti yangu akabonyeza swichi. Kitambaa kikatetemeka, kikainua kichwa, kikajaa polepole. Nikakunja mikono kifuani kungoja sifa.

Kilichosimama pale hakikuwa kuba. Kilikuwa funeli iliyogeuzwa, ile ya kumiminia mafuta ya taa, ila hii ungeweza kuimiminia mto mzima.

"Feni ina nguvu ndogo," nikasema.

Mama aliinua uso, akaifuata ncha kwa macho hadi juu.

"Ikiongezewa upepo itatuna."

Binti yangu akainama, akaingia ndani. Nikamfuata. Mama naye akaingia, akivuta kiti chake cha plastiki, akaketi katikati kama aliyekuja kuangalia nyumba ya kupanga. Projekta ikawashwa. Nyota zilizotakiwa kutawanyika zikapanda zote kwenye ncha na kusongamana kama nzi waliopata asali. Mwezi ukarefuka ukawa yai.

"Mbingu yenye ncha," akasema mama. "Umri huu wote sikuwahi kuiona."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu, kicheko kikanirudia. Binti yangu hakununa wala hakunigombeza, na ningeona afadhali angenigombeza. Alizima projekta, akawasha taa, akavuta uzi kwenye ukuta wa kitambaa kutoka hapa hadi pale, akapiga chaki, akavuta tena, hadi akapata pembetatu kubwa yenye urefu wa mtu. Akatoa kipimapembe mfukoni, akapima pembe moja baada ya nyingine, akaziandika pembeni. Kisha akanipa chaki.

"Jumlisha, baba."

Nikajumlisha. Nikarudia. Mia na themanini.

"Kitambaa bado ni bapa," akasema. "Umekizungusha tu, kama karatasi ya kufungia karanga. Karatasi ukiikunja haipati mpindiko. Sisimizi akitembea juu yake na kupima pembetatu zake, ataapa kwamba yuko mezani. Mpindiko hauletwi na upepo, baba. Umo kwenye mkato au haumo." Akafuta vumbi la chaki kwa kiganja. "Na haya nimeyajua nikiwa ndani."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza.

"Umeyajua kwa sababu ulikiona kwa nje kwanza," nikasema.

Mama akaguna. Binti yangu akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye kitambaa, kitambaa kikambonyea taratibu. "Leo Jumatano," akasema. "Keshokutwa saa nne Mkuu ataingia hapa."

Aliisema kwa sauti niliyoifahamu. Alipokuwa na miaka saba nilisahau kwenda kumchukua shuleni, nimezama kwenye kazi ya mteja, na nilipokumbuka nikakimbia nikamkuta ameketi kwenye ngazi peke yake. Alikuwa amepanga vitabu vyake vyote kwa ukubwa, kutoka kikubwa hadi kidogo, na hakulia. Aliniambia tu saa ngapi. Nimeona watu wakinitukana mbele ya kadamnasi, na mmoja aliwahi kunirushia buti. Hakuna aliyewahi kuniuma kama mtoto yule aliyenitajia saa.

Kitambaa kingine hakikuwepo. Yaani kilikuwepo, ila kilikuwa kinaning'inia chumbani kwa mama.

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, nilizunguka chumba chake nikijifanya natafuta mkasi.

"Sema," akaniambia.

"Mama, nina ombi dogo."

"Umeshatazama madirisha mara nne. Mtu hatafuti mkasi dirishani." Akanitupia mapajani kile kitambaa cha meza alichokuwa anakifuma. "Hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Vitanzi. Anza katikati."

Nikahesabu. Mzunguko wa kwanza vitanzi sita. Wa pili kumi na viwili. Wa tatu kumi na nane.

"Naongeza sita kila mzunguko," akasema, "ndipo kinalala bapa mezani. Nikibana, nikaacha kuongeza, kinajikunja kuwa kofia. Nikizidisha, kinapata mawimbi pembeni kama jani la kabichi. Na sisimami mbali kukitazama, macho yenyewe haya yameshachoka. Nahesabu nilivyo navyo mkononi, najua kinaelekea kuwa nini. Wewe kile kitambaa cha mtoto ulikibania kiunoni. Chini kinatosha, juu kinatosha, katikati kina njaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia maneno mawili. Ulitaka nikuimbie?"

Nikabaki nimekishika kile kitambaa, nikivuta kingo zake kama mtoto.

"Leta kigoda uyashushe," akasema.

"Na lile la maua? Ulilitarizi siku tatu."

"Hilo ndilo la kwanza. Na mimi nataka niwemo."

Alhamisi sikufungua kazi ya mtu yeyote. Nilianza kufumua asubuhi na mapema, mishono kumi na miwili, na nakuapia, hakuna adhabu inayomwingia fundi kama kufumua mshono wake mwenyewe uliokaa vizuri. Kisha nikaichukua ile karatasi ya kaki, nikailaza juu ya kipande changu kilichonyooka, nikapima tofauti. Chini sifuri. Juu sifuri. Karibu na katikati, kila kipande kilipungukiwa shibiri moja na vidole vitatu. Nikayaunga mapazia ya mama, nikayatandika mezani, nikachora majani kumi na mawili marefu ya kupachika kati ya vipande, yenye ncha huku na ncha huku, tumbo likiwa na upana huo huo wa shibiri moja na vidole vitatu. Safari hii niliufuata ule uvimbe kwa utii wa mtu aliyeponea chupuchupu.

Nikiwa nashona nikakumbuka viti vya pikipiki. Miaka thelathini navivika viti vile, na kila kimoja kinanitoa jasho. Nikivuta mbele, pembeni panakunjamana. Nikinyoosha pembeni, katikati kitambaa kinakataa kulala. Siku zote nilidhani ni ukaidi wa kitambaa. Nilikitukana, nikakigongelea misumari midogo. Kumbe kitambaa kilikuwa kinaniambia digrii zake, na mimi nakijibu kwa nyundo.

Binti yangu alikuja baada ya vipindi vyake, bado ana vumbi la chaki kwenye mikono ya gauni. Alisimama upande wa pili wa cherehani, akaupokea uzito wa kitambaa kadiri kilivyotoka, kama alivyokuwa akifanya zamani likizo zikifika. Tulifanya majani manne hivyo, mashine ikilia.

"Karatasi yako ilikuwa sawa," nikamwambia kwenye jani la tano.

"Najua, baba."

"Nilidhani mkono ulitetemeka."

"Mkono huu nimeurithi kwako. Hautetemeki." Akageuza kitambaa. "Kichwa ndicho nilichorithi kwa mama."

Marehemu mke wangu angecheka hapo hadi akaketi chini. Nami nikacheka, na mashine ikala mshono pembeni kidogo. Upo hadi leo. Ukiingia, tazama upande wa kushoto.

Ijumaa saa tatu na nusu feni ikawashwa. Nilitoka bwaloni nikasimama nje, nikajifanya nasoma matangazo ubaoni. Tangazo la kwanza lilihusu sare za shule. Nililisoma mara sita. Niliposikia wanafunzi wanasema "Aaa!" kwa pamoja, nikageuka nikachungulia.

Lilikuwa limesimama. Limetuna pande zote, kama tumbo la mtu aliyeridhika, bila ncha, bila kunjo. Majani yale kumi na mawili yalionekana wazi kwa mishono yake miwili ya pembeni, yakapanda kutoka sakafuni na kukutana juu kabisa.

Mkuu alikuja saa nne kamili na tai yake. Alitazama lango la kuba, lililo chini kiasi cha kumlazimisha mtu atambae, akatazama suruali yake, akavuta pumzi, akatambaa. Wanafunzi wakamfuata, wakaketi duara. Mama alikuwa ndani tayari kwenye kiti cha plastiki. Mimi nikajibanza karibu na feni, ili kama kuna kitakachopasuka kinipasukie mimi.

Taa zikazimwa. Nyota zikatoka.

Sitaki kuwadanganya, nilisahau kwamba kile ni kitambaa. Zilitandaa kila mahali zilipotakiwa kuwa, mwezi ukawa duara. Kimya kikawa kile cha watu wengi wanaopumua pamoja. Binti yangu aliwapitisha polepole, nyota hii na ile, umbali wake, mwanga wake ulioondoka kabla mabibi wa bibi zao hawajazaliwa. Kisha akapunguza nyota, akawasha tochi moja.

"Mkuu," akasema, "naomba uchague majani mawili yaliyo jirani."

Mkuu akanyoosha kidole.

"Pima mstari wa katikati ya kila jani hapo unapogusa sakafu. Umesimamaje?"

Nilikuwa sijui kwamba Mkuu alifundisha hesabu miaka ishirini kabla ya kupewa ofisi. Alikipokea kipimapembe kama mtu anayerudishiwa kofia yake. Akapiga magoti. "Wima. Digrii tisini. Na huu wa pili, tisini."

"Kwenye ubao, mistari miwili iliyosimama wima juu ya mstari mmoja inakutana wapi?"

"Haikutani," akasema.

Binti yangu akapandisha mwanga wa tochi katikati ya jani moja, taratibu, kisha katikati ya mwenzake. Mistari yote miwili ikaishia kwenye nukta moja juu ya vichwa vyetu. "Na pale juu inaachana kwa digrii thelathini, maana majani ni kumi na mawili kuzunguka. Jumlisheni."

"Mia mbili na kumi!" darasa likapiga kelele.

"Pembetatu ya digrii mia mbili na kumi," Mkuu akasema polepole, kwa nafsi yake. Akaketi chini kabisa, akalegeza tai. "Nimefundisha miaka ishirini kwamba haipo."

"Ubaoni haipo. Humu ipo, na tumeipata bila mtu yeyote kutoka nje kulitazama kuba."

"Na ulimwengu wenyewe je? Umepimwa?"

"Umepimwa. Wataalamu walitumia pembetatu ambayo mbavu zake zinafika hadi kwenye mwanga wa kale kuliko wote tunaoweza kuuona. Ikatoka mia na themanini, kwa kadiri vyombo vyao vinavyoweza kuona. Kwa hiyo huenda ni bapa. Au umepinda kidogo mno, na ni mkubwa mno, na sisi ni sisimizi juu ya kuba hili tunaopima pembetatu ya ukubwa wa ukucha. Sisimizi huyo naye angepata mia na themanini."

"Kwa hiyo hatujui."

"Tunajua tumefika wapi kwenye kutojua," akasema binti yangu. "Hilo ndilo halimo kitabuni."

Feni ikavuma. Nilihesabu majani, nikafika kumi na mawili, nikaanza upya. Kisha Mkuu akanyoosha kidole juu ya kichwa cha mama, kwenye jani moja lililojaa vidoa vya bluu.

"Na hizi ni nyota gani?"

"Hizo ni za Bibi," binti yangu akasema. "Zilikuwa pazia."

Mkuu akacheka, darasa likaona limepata ruhusa, likacheka nalo. "Stoo ibaki kwako, Mwalimu," akasema, "na kipindi kibaki. Ila Ijumaa ijayo niwekeeni nafasi, na mtu aniletee mkeka, suruali hii ina kazi nyingine."

Niliona mabega ya binti yangu yakishuka, kama mzigo umetuliwa kwa uangalifu bila kuvunja kitu. Alinitazama kupita vichwa vya wanafunzi. Ningeishia hapo, ningekuwa mtu wa maana siku hiyo. Lakini nina mdomo, na mdomo wangu haujawahi kujua saa ya kufunga duka.

"Mkuu, samahani, mimi ndiye fundi," nikasema, nikisogea kwenye mwanga. "Kuba nimelikubali. Hesabu nimeikubali. Ila kuna jambo moja sijalimeza. Kuba hili tunajua ni kuba kwa sababu mimi nimelishona, nimelizunguka, nimeliona kwa nje. Ulimwengu hakuna aliyeuzunguka. Mtu aliyezaliwa ndani, akakaa ndani, hakutoka hata siku moja, ataniambiaje mimi umbo la mahali alipo?"

"Baba," binti yangu akasema, kwa upole wa mtu aliyechoka.

"Nauliza tu! Nijibiwe. Hata mtu mmoja aliye ndani ya kitu, hajakiona kwa nje, akajua kimekaaje. Mmoja tu!"

Mama akaiweka sindano yake ya kulabu mapajani.

"Wewe," akasema. "Ulikaa tumboni mwangu miezi tisa, hukuliona kwa nje hata siku moja. Mlango ulionyeshwa na nani?"